Chini ya Mretemu
Fundisho juu ya uchungu wa nafsi na wale wanaotamani kufa

Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Leo nataka kunena juu ya jambo ambalo katika sharika zetu hunenwa kwa kunong'ona tu, baada ya maziko, watu wakiwa wawili wawili njiani. Ni habari ya mtu anayejiua, na maumivu yanayomfikisha hapo. Sisi tumezoea kuuliza: Je, mtu huyu alikosa imani? Nawaombeni tuulize kwanza swali jingine: Je, mtu huyu aliumia wapi, na ni nani aliyemwuliza?

Mtazameni Eliya. Juu ya mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii wa Baali, wala hakutetemeka. Hakuwa mtu wa imani haba. Lakini Yezebeli alipoapa kumwua, alikimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu auondoe uhai wake.

Fikirini jambo hili. Kama Eliya angalitaka kufa tu, angalikaa mjini kumngojea Yezebeli. Lakini alikimbia ili apone, kisha akaomba afe, na yote mawili katika safari moja. Basi alitaka nini? Alitaka maumivu yake yakome, wala hakuona njia nyingine ya kuyakomesha. Ndivyo ilivyo kwa wengi wanaofikia hapo. Moyo wao wataka kuishi, na moyo huo huo wataka kupumzika; nao hubishana usiku kucha.

Jambo hilo aliliona pia mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Edwin Shneidman, aliyezaliwa mwaka 1918 akafa mwaka 2009. Mwaka 1958, yeye na wenzake walianzisha katika mji wa Los Angeles kituo cha kuwasaidia watu waliokuwa karibu kujiua. Alizisoma barua nyingi zilizoachwa na waliokufa hivyo. Mwaka 1993 alifundisha ya kwamba shina la jambo hili ni uchungu wa nafsi usiovumilika: aibu, hatia, upweke, hofu, na huzuni ya kufiwa, vikizidi kipimo ambacho mtu yule aweza kukichukua. Umaskini, ugonjwa na ugomvi wa nyumbani huumiza kweli. Lakini hatari huwa kubwa pale vinapozaa uchungu wa namna hiyo, na mtu asione tena tumaini la kuondolewa. Kwa hiyo alifundisha ya kwamba imfaa msaidizi kumwuliza mtu mambo mawili: anaumia wapi, na asaidiwe namna gani.

Sasa tazameni jinsi Mungu alivyomtendea Eliya. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Hata alipofika Horebu, Bwana alimwuliza kwanza, akamsikiliza mpaka mwisho. Tena akamwuliza mara ya pili, naye Eliya akarudia maneno yale yale, wala Bwana hakuchoka kuyasikia. Ndipo akampa kazi, akampa Elisha awe mwenzake, akamwambia ya kwamba wako elfu saba waliosalia pamoja naye. Usingizi, chakula, sikio, kazi, na mwenzi: hizo ndizo dawa za Bwana chini ya mretemu.

Nami ni mchungaji ambaye sikufanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja wa usharika wetu alinishika mkono mlangoni pa kanisa baada ya ibada, akasema, "Mchungaji, nimechoka. Nimekuwa mzigo kwa watoto wangu." Nilimjibu kwa andiko, nikamwambia adumu katika maombi, nikaenda zangu, maana wazee wengine walikuwa wakiningoja barazani. Siku ya tano nikaitwa nyumbani kwake. Alikuwa amekufa kwa mkono wake mwenyewe. Andiko nililompa lilikuwa kweli. Lakini yeye alinionyesha jeraha, nami sikutazama. Sijui kama kuuliza kwangu kungemzuia. Najua ya kuwa sikuuliza.

Wengine watasema, Tukiuliza waziwazi, je, hatutamtia mtu wazo asilokuwa nalo? Sivyo. Waganga waliolichunguza jambo hili wameona ya kwamba kuuliza hakupandi wazo hilo; mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa amepata wa kumwambia. Basi walimu wangu, mkimsikia mtu akisema yeye ni mzigo, au ya kwamba heri asingekuwako. Mkimwona akigawa vitu vyake na kuaga kama msafiri. Akiacha kwaya na jumuiya, akikosa usingizi, akizidi ulevi, msipite. Kaeni naye faraghani mkamwulize kwa upole: "Ndugu yangu, je, umewaza kujiua?" Kisha nyamazeni msikilize.

Akijibu ndiyo, msimwache peke yake. Hapa baba yetu Martin Luther atufundisha. Mwezi wa Novemba mwaka 1532 alimwandikia mtu mmoja wa mji wa Nordhausen, Jonas von Stockhausen, aliyechoka kuishi. Siku ile ile alimwandikia na mke wake, akamwagiza asimwache mumewe peke yake hata kidogo, wala asiache karibu naye kitu chochote ambacho angeweza kujidhuru nacho. Waganga wa leo hutoa shauri lile lile, kwa sababu uchungu huu hupanda kama maji ya mafuriko, kisha hushuka. Na mtu akilindwa saa ile ya kupanda, mara nyingi huokoka, na wengi waliookoka hivyo huishi miaka mingi. Tena mpelekeni hospitali. Huzuni nzito mara nyingi ni ugonjwa, nao una dawa na waganga wake. Kwenda kwa mganga si kumwacha Mungu, kama vile Eliya kula mkate hakukuwa kumwacha Mungu.

Nanyi mliofiwa kwa njia hii, ambao ndugu zenu walizikwa kwa haraka na kwa aibu, sikieni. Mwaka ule ule wa 1532 Luther alisema mezani kwake ya kwamba yeye hakukubaliana na wanaosema waliojiua wamepotea hakika; aliwafananisha na mtu aliyeuawa na mnyang'anyi mwituni. Hakusema hivyo ili kulifanya jambo hili kuwa jepesi, maana uhai ni mali ya Bwana. Alisema kwa sababu aliujua mwenyewe uzito wa majaribu ya moyo. Hukumu ni ya Mungu. Kazi yetu ni kukaa matangani, kutaja jina la marehemu pasipo kuona haya, na kuwalea yatima wake.

Na wewe usomaye haya, ukiwa mwenyewe chini ya mretemu leo, nakuambia neno moja. Uchungu wako wakwambia ya kwamba utadumu hivi siku zote, na ya kwamba nyumba yako itapumua ukiondoka. Uchungu ni shahidi mwongo. Usiuamini kabla hujamwambia mtu. Nenda leo kwa mwenzi wako, kwa mwalimu wako, kwa mchungaji, au hospitali, ukaseme, "Naumia, wala siwezi peke yangu." Hata kama ni usiku, bisha mlango.

Nasi tulio nyuma ya mlango huo, tufungue. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 hufa hivi duniani, nao wengi walikuwa na jirani. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, mtazame yule aketiye peke yake benchi la nyuma. Mwulize habari zake, wala usiondoke kabla hajajibu.

Bwana Yesu, aliyehuzunika hata kufa katika bustani ya Gethsemane, akawaomba rafiki zake wakae macho pamoja naye, atupe macho yasiyolala. Amin.