Laana ya Ukoo, au Deni la Ukoo?

Somo: Mathayo 1:1-17, 2 Samweli 21:1-3, Luka 19:1-10

Mpendwa msomaji, Jumapili iliyopita baada ya ibada wengi walinijia wakiomba habari ya babu yangu iandikwe. Haya, nimeiandika. Haikuwa rahisi kuisema madhabahuni, na si rahisi kuiweka kwenye karatasi, kwa maana inahusu nyumba yetu wenyewe.

Kwa miaka mingi kule nyumbani Vihiga tulikuwa watu wa kukemea. Biashara ya ndugu yangu ikianguka, tunakesha. Ndoa ya mpwa wetu ikivunjika, tunafunga siku tatu. Na maombi yalikuwa yaleyale: Bwana, vunja laana ya ukoo! Mimi ndiye nilikuwa naongoza. Lakini wakati ule ungeniuliza baba ya babu yangu aliitwa nani, ningekwama hapo hapo. Nilikuwa navunja mambo ya watu nisiowajua hata majina.

Sasa nisikilize vizuri. Shamba letu ni ekari 6, na mpaka juzi taito ilikuwa bado kwa jina la babu, aliyefariki zamani. Najua wengi wenu mko hivyo hivyo. Ukitaka kugawanya, lazima uende kortini kwa habari ya urithi, na kabla ya korti unahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote. Ndugu zangu wakanituma mimi. Walisema mchungaji hawezi kuacha mtu nje.

Nikachukua daftari, nikaenda kwa shangazi, binti ya babu, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa rika lake. Nikamsomea majina niliyokuwa nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Na nyumba ya yule mkubwa mtaiandika wapi?"

Nikamuuliza, "Mkubwa gani, shangazi?"

Wapendwa, nilikuwa na umri wa miaka 58, na siku hiyo ndiyo nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba babu alikuwa na kaka.

Shangazi hajui miaka. Wazee wetu hawahesabu kwa kalenda. Wanahesabu kwa njaa, kwa nzige, kwa rika la waliotahiriwa pamoja. Aliniambia babu alioa wakati Wazungu walipokuja kuchimba dhahabu Kakamega. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya 1930. Na yule kaka mkubwa alichukuliwa kabla ya hapo, "wakati wa Kariokor", babu akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi.

Vijana, Kariokor mnaijua kama soko la Nairobi. Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza mpaka ndani ya Tanganyika. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Mwaka 1917 machifu walilazimishwa kutoa watu kwa wingi. Maelfu kwa maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, malaria na njaa. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka, na mmoja wao ni mpagazi. Nilienda nikasimama mbele yake. Hakuna orodha ya majina pale. Kaka ya babu yangu hakurudi, na hakuna jiwe lililoandikwa jina lake.

Lakini aliacha mke na mtoto wa kiume. Mtoto yule alikua, akaenda Kericho kufanya kazi ya majani chai, mama akabaki nyumbani akilima sehemu yao. Basi maafisa wa kupima ardhi wakaja. Kila mtu alitakiwa asimame kwenye mpaka wake aonyeshe. Mtoto wa kaka hakuwepo. Babu akatembea nao kuzunguka shamba lote, akasema hili lote ni langu. Yule mama mzee alikuwa amekaa mlangoni anaangalia. Shangazi alikuwepo. Alikuwa mama mwenye watoto tayari, na aliambiwa anyamaze.

Sikutaka kuamini. Nikaenda ofisi ya ardhi, nikakuta jina moja tu, la babu. Nikaenda kwa jirani mzee, naye bila kuulizwa mara mbili akanipeleka katikati ya shamba letu akanionyesha mstari wa misiola mizee. Miti ile nimeipanda nikiwa mtoto, nimekalia matawi yake. Kumbe nilikuwa nacheza juu ya mpaka.

Usiku huo sikukemea kitu. Nilifungua 2 Samweli 21. Kulikuwa na njaa miaka mitatu wakati wa Daudi. Daudi akamwuliza Bwana sababu. Jibu likawa kwamba nyumba ya Sauli iliwatendea Wagibeoni ubaya, watu walioahidiwa kwa kiapo kwamba wataishi. Ona alichofanya Daudi: aliwaita Wagibeoni akawauliza afanye nini ili kosa lile lisawazishwe. Yaliyofuata katika sura ile ni mazito, na leo tunashukuru kwa damu ya Yesu. Lakini hatua ya kwanza ya Daudi usiiruke. Alienda kwa waliokosewa.

Mtu ataniambia, "Pastor, Ezekieli 18 inasema mwana hatabeba uovu wa baba yake." Amina, naamini! Dhambi ya babu ni ya babu. Lakini mahindi ya shamba lile nakula mimi. Nikijua kitu si changu na bado nakishika, hiyo haiitwi tena dhambi ya babu.

Nilipowaambia ndugu zangu, palichafuka. Mmoja alikuwa ameongea na wakili. Akasema sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ilikinga usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa hila. Ingawa ilifutwa 2012, ni nani atakuja kushtaki leo? Nikamjibu, ndugu yangu, hata Zakayo alikuwa na ruhusa ya serikali. Yesu alipoingia kwake, Zakayo hakuomba maombi ya kuvunja umaskini. Alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Hapo ndipo Yesu akatangaza wokovu katika nyumba ile.

Tuliwatafuta wajukuu wa yule kaka. Tuliwakuta Kericho, wanaishi nyumba ya kupanga, hawana mahali pa kuzika. Mama yao walimzika kwenye makaburi ya umma. Barua ya chifu sasa ina nyumba mbili. Ekari 3 ni zao, kutoka kwenye misiola kushuka mtoni. Mpimaji ameshaweka mawe. Ndugu yangu mmoja hajaongea nami tangu siku hiyo, na ninawaomba mniombee kwa hilo.

Mpendwa, chukua mambo haya matatu.

La kwanza, uliza wazee wangali hai. Nenda na daftari, usiende na mahubiri. Kama kanisa la misheni la kwenu lina daftari za ubatizo, omba uzione. Uliza hasa juu ya yule ambaye hatajwi.

La pili, usifiche unachokipata. Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu hakuusafisha. Tamari yumo, Rahabu yumo, hata mke wa Uria yumo, ili kila msomaji akumbuke Daudi alifanya nini. Kama ukoo wa Mwokozi umeandikwa hivyo, wa kwetu tunaulinda kwa nini?

La tatu, kabla ya kukemea laana, angalia kama si deni. Laana tunaivunja kwa jina la Yesu. Deni, kwa jina hilo hilo, tunalilipa.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa wazee wetu, kwa mema yao na kwa uwezo wako wa kusamehe mabaya yao. Tuonyeshe tuliyoyashika yasiyo yetu. Tupe moyo wa kurudisha hata kama ndugu watatukasirikia. Na wale waliokufa mbali bila kaburi, majina yao wewe unayajua. Katika jina la Yesu, Amina.