Nafuu Iliyompita Mama Mfua Nguo

Machi 25, 2020, siku 12 baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Wazee, mayatima na wasiojiweza watatengewa shilingi bilioni 10. Kuna waliofaidika, na sitaki kulibeza hilo.

Lakini mfikirie mama wa Kitengela anayebisha milango ya ploti asubuhi akiuliza kama kuna nguo za kufua. Hana pesilipu, basi kodi iliyosamehewa hakuwahi kukatwa. Hajafika miaka 70, basi Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, haimhusu. Wateja waliosimamishwa kazi wanajifulia wenyewe; walio na kazi bado wanaogopa kumfungulia mlango, asije na ugonjwa.

Aprili 6 njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa kuzuia ugonjwa. Kitengela, Ngong, Kiserian na Ongata Rongai zikahesabiwa pamoja na Nairobi. Isinya na mji wa Kajiado zikabaki nje. Kaunti ni moja, ya Kajiado, ila kizuizi cha polisi kiko katikati. Lori la mizigo linapita, mama hapiti. Kama ana dada kule Kajiado wa kumpa maziwa na pa kulala bure, ndiyo basi, mpaka Julai. Huku mwenye nyumba anadai kodi yake.

Baadaye serikali ilituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa baadhi ya familia maskini, kwa simu. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza jinsi watu wengi waliostahili katika mitaa ya mabanda ya Nairobi walivyoachwa nje, na jinsi majina yalivyopitishwa kwa kujuana. Hapo ndipo ninapoliona kosa, na linaniuma: orodha ya wahitaji ilitafutwa njaa ikiwa imeshaingia nyumbani. Mpangaji anayehama ploti hii na ile hajulikani na mzee wa mtaa. Aandikwe na nani, na lini, kama si siku za amani?

Januari 1, 2021, VAT ilirudi asilimia 16. Mshahara wa shilingi 24,000 uliendelea kusamehewa kodi. Mama yule, ambaye kodi yake huilipa dukani anaponunua sabuni ya kufulia, ndiye aliyerudishiwa mzigo.