Haki ya Mtoto Asiyejua Kwamba Haoni

Jicho huona vyema pale mwanga unaopita kwenye konea na lenzi unapokutana juu ya retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi kutoka mbele hadi nyuma, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu. Likiwa fupi, mtoto hulazimika kulikaza, hasa anapotazama vitu vya karibu. Konea isipopindika sawasawa, picha huvurugika kwa umbali wowote. Kasoro hizi zote hurekebishwa kwa miwani. Iliyo ngumu zaidi kugunduliwa ni ile ya macho ya mtoto mmoja kutolingana. Tofauti ikifika dayopta 1 (kipimo cha nguvu ya lenzi) au zaidi, wataalamu huiita anisometropia.

Mtoto mwenye hali hii kwa kawaida halalamiki. Jicho zuri humfanyia kazi zote: anatembea, anacheza mpira, anasoma ubaoni. Mara nyingi hana makengeza, wala jicho halina wekundu wa kumshtua mzazi. Wakati huohuo ubongo hupokea picha mbili zisizolingana, na polepole huizoea iliyo safi na kuipuuza yenye ukungu. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa watoto wa paka kwamba jicho likizibwa katika miezi ya mwanzo hupoteza nafasi yake katika ubongo, hata likifunguliwa baadaye likiwa zima. Kwa binadamu kipindi hicho huchukua miaka. Miwani, na pale inapohitajika kuziba jicho zuri kwa saa chache kila siku, hufaa zaidi kabla mtoto hajapita umri wa miaka 7 hivi. Baada ya hapo wapo wanaopata nafuu, ila matumaini hupungua.

Kwa sababu hiyo suala la tiba ni suala la maadili pia. Taratibu nyingi za haki hungoja ombi: mgonjwa huenda zahanati, mdai huenda mahakamani, mwenye njaa hubisha hodi. Mtoto huyu hana ombi. Hajawahi kuona kwa macho mawili yaliyo sawa, hivyo hana cha kulinganisha, na hudhani kila mtu huona kama yeye. Jamii inawiwa nini na mtu aliyepungukiwa bila kujua?

Wapo wanaoshikilia kwamba asiyehisi uchungu hajadhulumiwa. Mwanafalsafa na mwanauchumi Amartya Sen aliupinga mtazamo huo kwa mfano wa India. Watu wa Kerala, wanaoishi miaka mingi zaidi na waliosoma zaidi, huripoti maradhi mara nyingi kuliko watu wa Bihar, ambako elimu na huduma za afya ziko nyuma. Kama malalamiko yangekuwa kipimo, Bihar ingehesabiwa kuwa na afya bora. Kwa Sen, linalopaswa kuulizwa ni mtu anaweza kufanya nini na kuwa nani. Kwa kipimo hicho, mtoto anayetegemea jicho moja ana upungufu wa kweli: hukadiria kina kwa shida, na jicho hilo likijeruhiwa kwa mwiba, jani la muwa kule Awendo au kipande cha jiwe katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, huko Migori nchini Kenya, hana jingine la kutegemea.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kando ya Ziwa Viktoria, swali hili hukutana na imani. Misheni ya Waadventista ilianza Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kanisa Katoliki lina Jimbo la Homa Bay tangu mwaka 1993, na Waislamu wameishi Kendu Bay kwa vizazi. Katika mila za Waluo, mkosi unaomwandama mtoto huweza kuelezwa kuwa chira, yaani tokeo la mwiko uliovunjwa. Maelezo hayo huelekeza macho kwa aliyekosa. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu. Yesu anakataa kumtwika hatia yeye au wazazi wake, kisha anamponya. Katika mfano wa kondoo aliyepotea, mchungaji huondoka kumtafuta bila kungoja aitwe. Sura ya 80 ya Kurani nayo inafunza kwamba kipofu anayekuja kutafuta mafunzo hastahili kuwekwa nyuma ya wakubwa wa mji. Mafundisho haya yanaelekea upande mmoja: aliye na haja atangulie, na lawama isichukue nafasi ya msaada. Hata imani ya chira, ikitazamwa kwa undani, ina ukweli wa kuhifadhiwa, kwamba hali ya mtoto ni dhamana ya wakubwa wake.

Hata hivyo wajibu wa kutafuta una masharti. Mwaka 1968 Wilson na Jungner, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, waliandika kwamba kusaka ugonjwa kunafaa pale ambapo tiba inayokubalika ipo na inapatikana. Kumwambia mzazi wa kisiwa cha Mfangano kwamba jicho moja la mwanawe ni dhaifu, kisha miwani isipatikane, ni kumwongezea mzigo. Jaribio lililofanywa katika shule 50 za kaunti ya Trans Nzoia na kuchapishwa mwaka 2018 linaonyesha mahali wajibu huu unapokatikia. Miongoni mwa watoto waliokutwa na tatizo la kuona kwa njia ya kawaida, asilimia 22 tu walifika hospitali. Walimu walipotumia programu ya simu iitwayo Peek, wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi na kuonyeshwa picha ya jinsi mtoto anavyoona, waliofika walikuwa asilimia 54. Hata hapo, karibu nusu walibaki nyuma. Kugundua, basi, ni mwanzo wa wajibu, na wajibu hautimii mpaka mtoto aivae miwani na aendelee kuivaa.

Pingamizi jingine linahusu mgawanyo wa mali. Malaria na UKIMWI zimezielemea kaunti hizi kwa miaka mingi. Kwa nini fedha ziende kwa watoto wachache wenye macho yasiyolingana? Jibu la kwanza ni muda: tiba nyingi zikicheleweshwa hugharimu zaidi, lakini hii ikichelewa huweza kukosekana kabisa. La pili ni maana ya usawa wenyewe. Aristotle alifundisha kwamba haki huwapa wasiolingana kwa kadiri ya tofauti yao. Miwani ya mtoto huyu ina lenzi mbili za nguvu tofauti. Lenzi zinazofanana zingeliacha jicho moja nyuma.

Sheria ya Kenya imekwisha kuonyesha mwenye dhamana. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, na Jedwali la Nne linaziweka huduma za afya za kaunti pamoja na elimu ya chekechea chini ya serikali ya kaunti. Hivyo, katika miaka ya chekechea, jicho likiwa bado linaweza kuokolewa, darasa na zahanati viko mkononi mwa serikali moja. Kipimo chenyewe ni chepesi: chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, ambayo mtoto asiyejua kusoma huonyesha uelekeo wake kwa kidole. Sharti ni kila jicho lipimwe peke yake, kwa kuwa macho mawili yakipimwa pamoja, lililo zima hulificha lililo dhaifu.

Kwa mtoto aliyegunduliwa akiwa amechelewa, deni halifutiki. Anastahili kupimwa, kujaribiwa kwa miwani, kukalishwa mahali anapoona ubao vizuri, na kupewa miwani ngumu ya kulinda jicho lake zuri. Anastahili pia kuambiwa waziwazi, yeye na wazazi wake, kwamba hakuna aliyekosa.