Heshima Haiuzwi

Je, heshima ya mtu ina bei? Swali hili liliwakabili vijana wa Chuo Kikuu cha San Francisco, Marekani, mwaka 1951. Mwalimu wao, Joe Kuharich, aliwanoa kwa mazoezi makali; wakacheza mechi 9 za mpira wa Kimarekani, wakashinda zote. Chuo kilikuwa kidogo, na hazina yake imekauka. Mwaliko wa mechi kubwa huko Kusini ungeleta fedha na jina. Wakadokezwa kuwa wangealikwa, ila wenzao wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler, wabaki nyumbani. Wakakataa. Mwaliko haukuja, na msimu ulipokwisha chuo kikaivunja timu.

Mwenye kupima kwa mizani ya soko atasema walikula hasara. Lakini bidhaa iliyotakiwa ilikuwa ni wenzao, na amuuzaye mwenzake hajui zamu yake itafika lini. Haki isiyomgharimu mtu kitu ni maneno tu; hawa waliilipia.

Mwaka 1965 Toler akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya mchezo huo. Aliyetakiwa abaki nyumbani ndiye aliyekuja kuwaamua wengine uwanjani.