Ndezi na Tiva wa Mafunjo

Ukiteremka kutoka Pap Onditi kwenda upande wa Kusa utafika kwenye kinamasi cha mafunjo kandokando ya Ghuba ya Winam. Humo huishi tiva-mafunjo, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano; dume na jike huitikiana hata ukadhani anayeimba ni mmoja. Kwa ajili ya ndege wa aina yake, Kusa, Koguta na Dunga zimeorodheshwa kuwa maeneo muhimu ya ndege. Penye matete na nyasi ndefu karibu na maji hupita ndezi, mwenye manyoya magumu na meno ya rangi ya chungwa. Hana wimbo, na akionekana huandamwa na mbwa. Nauliza basi: mbele ya Muumba, mwenye sauti tamu ana thamani kumpita asiye nayo?

Nasema hana. Katika Mwanzo sura ya 1 ndege huumbwa siku ya tano, wanyama wa nchi kavu siku ya sita, na wote huonwa kuwa wema kabla binadamu hajaumbwa. Wema huo haukungoja masikio yetu. Kurani nayo, Al-An'am aya ya 38, huwaweka wanyama na ndege pamoja kuwa umma kama sisi. Mkulima wa uwanda wa Kano, jirani na kinamasi hicho, atajibu kwamba ndezi humtafunia miwa. Ni kweli, na ana haki ya kulilinda shamba lake. Lakini Januari 2023 waliovamia mpunga Kisumu walikuwa kwelea, nao ni ndege, hadi serikali ikawanyunyizia fenthion, sumu inayoua hata ndege wasiokusudiwa. Hasara, basi, si kipimo cha hadhi ya kiumbe. Ingekuwa hivyo, ndege naye angeanguka.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la uchache. Tiva huyu hategemei makao mengine ila mafunjo, ilhali ndezi ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Hapo nakubali: aliyebakiwa na nyumba moja asaidiwe kwanza. Ila hiyo ni haki ya dharura, haimpi cheo. Mafunjo yanapochomwa ili watu walime, ndezi aliye karibu hukimbia moto uleule, pengine na mimba ya miezi mitano tumboni. Atakayeyatetea kwa sababu ya wimbo peke yake hatakuwa na la kusema siku tiva atakapotoweka Kusa, nayo mafunjo bado yamesimama.