Mwenye Kukijua Kivuko

Mwezi wa Mei 2024, baada ya mvua za Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga. Mabasi na malori yakasimama pande mbili za maji, abiria wakabaki kutazamana. Barabara ilikuja kutengenezwa na safari zikaendelea. Hata hivyo, mtunzi anayekusudia riwaya ya jamii ya kisasa iliyoporomoka hana haja ya kusafiri mbali kutafuta mandhari. Ni Somanga hiyo hiyo ambapo bomba la gesi ya Songo Songo limepanda nchi kavu tangu 2004, likielekea kuwasha taa za Dar es Salaam. Barabara na bomba, vyote katika kijiji kimoja cha wavuvi: mtunzi avikate kwa wino, naye atadhani riwaya imeanza.

Haijaanza. Giza, njaa na kuta zilizoanguka ni mapambo tu, na msomaji wa pwani magofu ameyazoea. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara anayaona kwa macho yake. Tena fasihi yetu imekwisha kuyalilia kwa ufasaha. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa mahame akayafanya somo la nafsi yake katika Al-Inkishafi. Kilio huja baada ya jambo. Kazi ya riwaya ni saa iliyotangulia, watu wangali majumbani mwao na chakula kingali jikoni.

Saa hiyo Kilwa imepata kuijua. Mtawa wa Kireno João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1609, anasimulia kwamba mwaka 1587 jeshi la Wazimba lilipiga kambi bara, ng'ambo ya kisiwa, likashindwa kuvuka. Mtu mmoja wa mji akawaendea kwa siri, akaahidi kuwaonyesha pa kuvukia maji yakipwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasalimike. Wakavuka usiku. Mtawa anataja watu wapatao 3,000 walioangamia. Kisha mkuu wa Wazimba akaamuru yule mwenyeji afungwe, yeye na jamaa zake, watoswe baharini: aliyeuza mji wake hakustahili kuishi. (Usimulizi ni wa mgeni ambaye hakuwapo, naye ana hamu kubwa ya kusimulia habari za wala watu, msomaji na autie katika mizani.)

Mtu huyo hakupewa jina. Je, ni halali mtunzi ampe jina, mke, na mtoto mwenye homa? Wako watakaosema kwamba kumpa moyo ni kumsamehe, na kwamba hao 3,000 hawakumwachia mtunzi ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao. Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini msaliti asiye na moyo humfariji msomaji kwa uongo: kila mmoja hujiweka miongoni mwa waliouawa, wala hakuna ajionaye akinong'ona kambini usiku. Basi na apewe moyo, ila kwa malipo. Jirani yake naye apewe jioni nzima ya riwaya: awashe taa, amwombe chumvi mke wa yule mtu, aipate, ashukuru, alale.

Kwa hiyo mtunzi na arudi Somanga aliyoikata kwa wino, atafute mtu mwenye mtumbwi. Siku ya kwanza anavusha wagonjwa bure. Siku ya pili anapokea nauli. Siku ya tatu anatazama kwanza nani ana nini mkononi, na mkewe, aliyekaa mlangoni akipaa samaki, anamwona akitazama.