Aliyesamehewa na Mungu, Je, Bado Anadaiwa?

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Kanisani nako tunafundishwa kwamba deni la dhambi hatuwezi kulilipa wenyewe, Kristo amelilipa. Kwa miaka mingi niliziamini kauli hizi mbili bila kuona kwamba zinaweza kugombana. Ziligombana ndani yangu hapa Ntinda, kwa sababu ya shilingi 180,000.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepanga chumba karibu na soko. Jioni moja simu yangu ililia: nimetumiwa shilingi 180,000 na mwanamke nisiyemjua. Haikupita muda akanipigia. Alizungumza Kiganda, akaniita ssebo, heshima ambayo sikuistahili, akaeleza kwamba amekosea tarakimu moja na kwamba hizo ni karo ya mtoto wake. Nilimjibu kuwa sijapokea kitu, nikazima simu. Asubuhi nilikwenda kwa wakala, nikatoa pesa zote, nikamlipa mwenye nyumba kodi aliyokuwa akinidai. Nililipa deni langu kwa kutengeneza deni jingine.

Miezi kadhaa baadaye, katika ibada ya wanafunzi, mhubiri alitufundisha kutoka Waraka kwa Warumi: sura ya 3, kwamba wote wametenda dhambi, na sura ya 6, kwamba uzima wa milele ni zawadi. Nilipiga magoti, nikamtajia Mungu jambo lile kwa jina lake: wizi. Niliinuka nikiwa mwepesi. Sikuwa naigiza, hadi leo naamini kwamba nilisamehewa. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilipita mbele ya kibanda cha yule wakala, nikajiuliza: Mungu amenisamehe, sawa, lakini karo ilikuwa ya nani?

Hilo ndilo swali la insha hii. Je, msamaha wa Mungu hufuta deni la mtu kwa mtu? Maoni yangu ni kwamba haulifuti, na kwamba kulilipa deni hilo si kuununua wokovu.

Wapo watakaonipinga kwa Zaburi ya 51, ambamo Daudi anakiri kwamba amemkosea Mungu peke yake. Ikiwa dhambi ni dhidi ya Mungu peke yake, basi akisamehe Mungu mambo yamekwisha. Lakini tukumbuke jambo lililoifanya zaburi hiyo iimbwe. Uria alikuwa ameuawa vitani kwa hila ya Daudi, na mke wake amechukuliwa. Katika 2 Samweli 12, nabii Nathani anamwambia mfalme kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na papo hapo anamtangazia matokeo yatakayobaki nyumbani mwake. Kusamehewa hakukumfufua Uria. Nadhani Daudi alitaka kusema kwamba kila anayemdhulumu mtu amemgusa Mungu aliyemuumba mtu huyo. Maneno hayo yanaongeza uzito wa Uria, hayamfuti.

Mimi ninayesoma Kiswahili nimevutiwa pia na neno moja. Katika Sala ya Bwana, Wakatoliki huomba wasamehewe makosa. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, katika Mathayo 6:12, inatumia neno deni. Kosa naweza kulificha moyoni nikalililia peke yangu. Deni lina mwenyewe. Ukisema deni umeshamtaja mdai, hata kama hujui anakoishi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Waefeso 2:8-9 inafundisha kwamba tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Basi, kama nalazimika kurudisha pesa, je, sijaanza kuulipia wokovu? Jibu naliona kwa Zakayo, katika Luka 19. Yesu alimwita ashuke mtini na kuingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu ilikuja baada ya mgeni kufika. Kulipa hakukumleta Yesu nyumbani. Yesu alipokuja, Zakayo aliweza kulipa. Mpangilio huu ukigeuzwa, wokovu unakuwa biashara. Sehemu ya pili ikikatwa, wokovu unakuwa maficho.

Watu wa Uganda waliwahi kulielewa hili vizuri. Mnamo Septemba 1929, pale Namirembe, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mkutano huo hukumbukwa kama mojawapo ya chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki. Waliouingia waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walijulikana kwa kukiri dhambi zao hadharani, na pia kwa kurudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Wimbo wao Tukutendereza tunaimba hadi leo. Nahofia kwamba tumeurithi wimbo, tukaacha safari ya kumrudia jirani.

Lakini je, asiyeweza kulipa? Mtu aliyeua atalipa nini? Hapa nakumbuka mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu katika Luka 23. Hakuwa na saa moja ya kurudisha chochote, mikono yake ilikuwa imefungwa, na bado aliahidiwa peponi. Hilo ndilo tumaini la Injili, na sitaki kulipunguza. Ila mikono yangu mimi haikufungwa. Nilikuwa na simu, na namba ya yule mama ilikuwa bado ndani yake. Tumaini la asiyeweza haliwezi kuwa kisingizio cha anayeweza.

Vilevile, Mungu hutoa msamaha wake. Hamnyang'anyi aliyedhulumiwa wa kwake. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alikimbia nchi, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Ninampenda Idi Amin. Alisamehe kwa niaba yake mwenyewe, na gharama ilikuwa yake. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai asamehe, sembuse Amin.

Hesabu 5:7 inaagiza mkosaji arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya shilingi 180,000 ni 36,000. Nilifundisha watoto wa jirani masomo ya jioni kwa mihula miwili hadi nikafikisha 216,000. Kisha nikampigia.

Nilijitambulisha, nikaeleza kila kitu. Alinyamaza muda mrefu. Aliniambia kwamba muhula ule mtoto alikaa nyumbani. Nikamtumia pesa, nikapiga tena kuhakikisha. Alisema, "Zimefika, ssebo," akakata simu. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba aseme.

Muhula ule siwezi kuurudisha. Pesa ninazo uwezo wa kuzitafuta. Miezi ya mtoto sina. Kwa sehemu hiyo ya deni nimebaki kama yule wa msalabani, nikitegemea neema tu. Na sasa naona kwamba niliposema nimesamehewa, kabla ya kupiga simu ile, sikuwa bado najua nimesamehewa nini.